Nimerithi fungu la msitu Slovenia: je, naweza kukata miti yote na kupanda upya?

*"Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Njombe, naishi Ljubljana na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13. Mume wangu, Mslovenia, alifariki mwaka jana bila wosia na mirathi bado iko mahakamani. Pamoja na mambo mengine, aliacha theluthi moja ya msitu wa hekta 3.6 karibu na Postojna. Theluthi mbili zilizobaki ni za shemeji yangu na wifi yangu. Sasa imekuja barua kwamba miti 19 ya smreka (mti wa mbao wa jamii ya misindano) ina wadudu na lazima ikatwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo tutakatiwa na kudaiwa gharama. Shemeji anataka tukate, wifi anasema tusubiri bei ipande. Mimi nimezoea shamba la misindano la baba: wakati ukifika unamwita mnunuzi, anavuna lote, unapanda upya. Je, naweza kukata fungu langu lote, nikauza, nikapanda mingine? Au niuze fungu kwa yeyote anayetoa bei nzuri? Kuna watu nisiowajua wanaingia kuchuma uyoga kama kwao. Na mtu mmoja kaniambia raia wa Tanzania hawezi kurithi ardhi huku. Ni kweli?"*

Pole sana dada kwa msiba, na pole kwa kubebeshwa makaratasi ya msitu juu ya majonzi. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja: kukata, kuuza, wageni msituni, na haki yako mwenyewe ya kurithi. Nitayachukua yote, lakini naanza na barua, kwa sababu mengine yanaweza kungoja mahakama na barua haiwezi.

Mdudu anayetajwa humo ni mbawakavu mdogo wa kahawia, urefu wake milimita 5 hivi, ambaye Waslovenia humwita lubadar. Dume hutangulia: hutoboa gome, huchimba kijumba, kisha hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume. Majike huchimba vijia kati ya gome na mti na kutaga mayai pembeni. Funza wakianguliwa hula ile nyama laini ya ndani ya gome, na hiyo ndiyo njia inayopitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Wakishaizunguka, mti umekwisha, hata kama kichwani bado ni kijani.

Smreka yenye afya hujitetea kwa utomvu. Mdudu akitoboa, humiminiwa utomvu na kufa ndani ya tundu lake. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha, na mti ulioanguka au kuvunjika hauna kabisa. Ndiyo maana milipuko ya mdudu huyu hufuata ukame na dhoruba. Eneo lenu linalijua hili vizuri: mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2014 mvua iliyoganda ilivunja miti katika takriban nusu ya misitu yote ya Slovenia, na Postojna ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Miaka iliyofuata mdudu alipata karamu. Kuna na sababu ya zamani zaidi, nayo ni ya binadamu: smreka nyingi za sehemu za chini zilipandwa pale tangu karne ya 19 kwa ajili ya mbao, mahali ambapo kwa asili pangekuwa na mti wa majani mapana uitwao bukev. Mti uliopandwa kwenye joto lisiloufaa huwa wa kwanza kusalimu amri.

Sasa uone kwa nini barua ina tarehe ya karibu hivyo. Wakati wa joto, kizazi kimoja cha mdudu huyu hukamilika kwa wiki 6 hadi 10, kisha kizazi kipya huruka kutafuta miti mingine, yenu au ya jirani. Kukata kunafaa pale tu magogo yanapotolewa msituni, au kumenywa gome, kabla hawajaruka. Mti ukishakuwa mwekundu na gome kuanguka lenyewe, mara nyingi wenyewe wameshahama. Ndipo hoja ya wifi yako inapovunjika. Bei ya smreka yenye lubadar haipandi kwa kusubiri. Inashuka, kwa sababu mdudu huingia na kuvu inayotia mbao rangi ya buluu. Mbao hiyo kwa nguvu haijambo, lakini mnunuzi hailipi sawa na nyeupe.

Na kisheria kusubiri hakumo. Barua hiyo ni uamuzi rasmi wa Zavod za gozdove Slovenije, idara ya umma inayosimamia misitu yote, ya dola na ya watu binafsi. Mwenye msitu asipotekeleza, idara hutafuta wa kukata na gharama humrudia yeye. Usidhani pia kwamba mirathi kuwa mahakamani kunakupa nafasi ya kupumua. Kwa sheria ya Slovenia mali humwendea mrithi tangu saa ya kifo. Mahakama inakuja baadaye kuthibitisha nani kapata nini. Kwa hiyo wajibu wa kukata ni wenu hata leo, wewe na watoto na ndugu wa marehemu.

Habari njema ni kwamba hamhitaji kauli moja ya ukoo mzima. Katika mali ya pamoja, mambo ya uendeshaji wa kawaida huamuliwa na wenye zaidi ya nusu ya mafungu. Shemeji ana theluthi, upande wa marehemu mna theluthi. Mkiwa pamoja mna theluthi mbili, na kukata miti iliyoamriwa ni uendeshaji wa kawaida kabisa. Wifi atapata sehemu yake ya mapato na atabeba sehemu yake ya gharama, lakini hawezi kuzuia. Hata hivyo, kabla ya kumhesabia kura, mpigie simu na umweleze hili la wiki 6 hadi 10. Watu wengi hukataa kukata kwa sababu hakuna aliyewaambia mdudu anafanya nini ndani ya gome.

Tuje kwenye swali lako kubwa. Hapana, huwezi kukata fungu lako lote, na sababu ni mbili tofauti ambazo naona umezichanganya.

Ya kwanza ni kwamba fungu lako halina mipaka ardhini. Theluthi ile si hekta 1.2 za upande wa mashariki au wa magharibi. Ni theluthi ya kila mti ulio ndani ya zile hekta 3.6. Tena si theluthi yako. Mume wako hakuacha wosia, kwa hiyo wewe na watoto mnagawana sawasawa alichoacha: kila mmoja anapata moja ya tisa ya msitu. Ukitaka kuligeuza hilo kuwa kipande chenye alama za mpaka utakwama, kwani sheria inabana sana ugawaji wa viwanja vya msitu vilivyo chini ya hekta 5. Waslovenia waliona misitu inavyokatwakatwa vipande kila kizazi kinapopita. Leo nchi yenye watu milioni 2 na kidogo ina wenye misitu zaidi ya laki 3, na wastani wa msitu wa mtu binafsi haufiki hekta 3, mara nyingi ukiwa vipande kadhaa vilivyoachana.

Sababu ya pili ni kwamba kufyeka msitu wote kwa mkupuo mmoja ili uanze upya hakuruhusiwi Slovenia kama njia ya kuvuna, awe mwenye msitu ni nani. Marufuku hiyo ni ya tangu 1949, na Sheria ya Misitu ya 1993 imeiendeleza. Najua kwa mtu wa Njombe hili linasikika kama kuonewa. Shamba la misindano la baba ni zao: miti ya umri mmoja, iliyopandwa kwa mistari, inavunwa pamoja, na ardhi inasubiri miche. Msitu wa Postojna ni kitu kingine. Una miti ya umri wote na aina mbalimbali, mingi ikiwa imejiotea yenyewe chini ya mama zake, na unavunwa mti mmoja hapa, kikundi pale, kila baada ya miaka kadhaa, ili mwanga upenye na wadogo wapande juu. Mavuno yanatoka lakini msitu haupotei hata mwaka mmoja.

Kwa nini wameng'ang'ania hivyo? Angalia chini ya miguu yako ukiwa pale. Postojna inajulikana duniani kwa pango lake, na pango ni dalili ya ardhi ya chokaa: udongo mwembamba juu ya mwamba uliojaa nyufa. Ukiondoa miti yote, mvua huusukuma ule udongo ndani ya nyufa na unabaki na mawe. Haya si ya kufikirika. Kusini-magharibi mwa hapo, kuelekea Trieste, vilima viliwahi kubaki mifupa mitupu baada ya karne nyingi za kukata na kulisha mbuzi na kondoo, na kazi ya kuvirudishia miti kwa misindano ilianza karne ya 19 na ikachukua vizazi. Wakati huohuo, huko Kočevje, mtaalamu wa misitu Leopold Hufnagel, akisimamia mashamba ya ukoo wa Auersperg, aliandika katika mipango yake ya 1892 kwamba vipande fulani vya msitu wa asili visiguswe kabisa. Vingine vimesimama hadi leo. Karne moja baadaye, 1989, wataalamu wa Ulaya wanaotetea uvunaji wa mti mmojammoja walikutana katika bonde la Robanov Kot, Slovenia, wakaunda umoja wao, Pro Silva. Ukisikia bwana misitu wa huko anakataa kwa upole ombi lako la kufyeka, jua ana historia hiyo yote nyuma yake.

Inasaidia pia kujua nani anamiliki nini, maana hapa ndipo Mtanzania hupotea. Misitu inafunika karibu asilimia 58 ya Slovenia. Katika Umoja wa Ulaya ni Ufini na Uswidi tu zinazoizidi. Tanzania Bara, kwa tathmini ya kitaifa ya misitu iliyochapishwa 2015, ina hekta milioni 48 za misitu, yaani asilimia 55 ya eneo lake. Zinakaribiana kwa kiwango cha ajabu. Lakini kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na misitu mingi iko mikononi mwa serikali kuu, halmashauri na vijiji. Slovenia ni kinyume: zaidi ya robo tatu ya misitu ni mali ya watu binafsi na vikundi vyao, dola ina karibu moja ya tano, manispaa zina asilimia chache. Sehemu ya misitu hiyo ilichukuliwa baada ya Vita vya Pili na kurudishwa kwa wenyewe au warithi wao kwa sheria ya 1991. Kwa hiyo usishangae ukikuta wazee wanauongelea msitu wa hekta mbili kwa uchungu wa kitu kilichowahi kuporwa.

Wala usidhani nchi ndogo zenye miti mingi zina kanuni moja. Bhutan imeandika kwenye katiba yake ya 2008 kwamba misitu isishuke chini ya asilimia 60 ya nchi, na misitu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Gabon, ambayo watu wake ni wachache na karibu yote ni msitu, mwenye mali ni dola, inayowakodisha wavunaji. Slovenia imechagua njia yake: mali ni yako, lakini namna ya kuitumia mnaamua pamoja na umma. Usiione kama kuombaomba vibali kusikokwisha. Mimi naiona kama ndoa ya lazima, na wenye misitu wanaofaidi ni wale walioacha mapema kupigana na mwenzao.

Katika ndoa hiyo mwenzako ni afisa wa eneo, anaitwa revirni gozdar. Kila kipande cha nchi kina wake. Kabla ya kukata mti, kwa kawaida anakuja, mnapita pamoja msituni, mnachagua miti, anaitia alama, kisha unapata uamuzi wa maandishi wa miti gani na kiasi gani. Huduma hiyo hailipiwi. Tena una sauti: ukisema unahitaji kuni za bukev mwaka huu na smreka nne kubwa za kuuza, atajitahidi kuchagua kwa namna inayokufaa na inayofaa msitu. Nchi nyingi mwenye hekta tatu hapati mtaalamu wa kumwita bure. Mtumie.

Sasa wale wachuma uyoga. Naelewa kukasirika, kwetu mtu akiingia shambani mwako bila hodi ni ugomvi. Slovenia sheria inamtaka mwenye msitu aruhusu watu kutembea humo kwa miguu na kuchuma uyoga, matunda na mimea kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani. Kwa uyoga kikomo ni kilo 2 kwa mtu kwa siku. Huwezi kuwafukuza, na kujenga uzio kuzunguka msitu hairuhusiwi ila kwa sababu maalumu, kama kulinda miche. Wao nao hawaruhusiwi kuingiza magari wala pikipiki nje ya barabara, kuwasha moto ovyo, wala kugusa mti wako. Kuni ni zako. Wanyama si wako: paa, nguruwe pori na hata dubu, ambao Postojna wapo kwelikweli, ni mali ya dola, na wanaowinda ni vyama vya wawindaji vya eneo hilo. Ukikuta mnara wa mbao wa kuvizia wanyama ndani ya msitu, ujue ni wao, na ukiwa na neno juu ya mahali ulipowekwa nenda ukaongee nao. Ila wewe pia una haki hizo katika misitu ya watu wengine wote, nchi nzima. Wapeleke watoto.

Tuongee fedha bila kuipamba. Kwa wastani msitu wa Slovenia una takriban mita za ujazo 300 za miti iliyosimama kwa kila hekta. Wenu, ukiwa wa kawaida, una kama mita 1,000 na kidogo. Tarakimu hiyo inavutia, lakini huwezi kuigusa yote. Unachoweza kuvuna mwaka hadi mwaka bila kuukausha ni kile unachoongezeka, na tukikadiria mita 7 kwa hekta ni kama mita 25 kwa msitu mzima. Hilo ni lori moja la magogo na tela lake, kwa ukoo wote. Theluthi ya upande wako ni mita 8 hivi. Toa gharama ya kukata na kuburuta hadi barabarani, toa mchango wa kutunza barabara za msitu ambao wenye misitu hutozwa. Kinachobaki kitawapa kuni za kutosha na kiasi cha fedha kila baada ya miaka michache. Ada ya shule ya kila mwezi hakitatoa, na anayekuambia utatajirika kwa moja ya tisa ya hekta 3.6 anataka kukuuzia kitu.

Hapohapo, usiuone kuwa takataka. Miti inaongezeka bila wewe kufanya kazi, na mwaka ambao bei ni mbaya unaacha kukata, isipokuwa kwa lubadar. Shamba la misindano kule nyumbani, watu wanakata likiwa na miaka 8 au 10 kwa sababu ada imefika au mgonjwa yuko hospitali, wakati mti ungehitaji karibu mara mbili ya muda huo kutoa mbao nzuri. Hasara kubwa ya wakulima wa miti Njombe na Mufindi iko kwenye haraka hiyo. Usiihamishie Postojna.

Kuhusu uraia wako, uliyoambiwa si uongo mtupu. Raia wa Umoja wa Ulaya hana shida. Kwa raia wa nchi nyingine, Slovenia hutumia kanuni ya usawa: huangalia raia wake angetendewaje katika nchi yako kwa jambo hilohilo. Na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, kifungu cha 20, haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Unaona tatizo linapotokea. Hii haina maana kwamba umeshanyimwa. Ina maana kwamba swali litaulizwa, na ni afadhali ulipeleke wewe kwa wakili wa mirathi kabla hakimu hajaliuliza. Watoto wako, kama ni raia wa Slovenia, hawaguswi na jambo hili hata kidogo. Ndiyo maana kuna njia ya kumwuliza wakili moja kwa moja: je, warithi wanaweza kukubaliana mbele ya mahakama kwamba fungu la msitu liende kwa watoto, na wewe upate haki yako kwenye mali nyingine ya marehemu? Usikimbilie kuomba uraia wa Slovenia kwa ajili ya msitu huu peke yake. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na moja ya tisa ya msitu haistahili bei hiyo.

Kuuza, je? Inawezekana, lakini si kwa yeyote. Wamiliki wenzako wana haki ya kwanza ya kununua, na msitu wenyewe unapouzwa jirani anayepakana naye ana haki ya kutangulizwa. Ofa hubandikwa kwenye ofisi ya utawala ya eneo, upravna enota, kwa siku 30, na mauzo yanahitaji idhini. Mafungu ya watoto ni suala jingine kabisa: mzazi hauzi mali ya mtoto bila ridhaa ya mahakama, na pale ambapo masilahi yako na yao yanaweza kugongana huwekwa msimamizi maalumu wa kuwasemea. Wanunuzi wapo. Kampuni ya dola inayoendesha misitu ya serikali, Slovenski državni gozdovi, yenye makao Kočevje, nayo hununua.

Ungeniuliza mimi, ningesema usiuze mwaka huu. Mirathi haijaisha, na mjane anayeuza kabla ya hukumu huuza kwa bei ya mwenye shida. Tena msitu ambao umetoka kukatwa miti ya wadudu unaonekana mbaya kuliko ulivyo. Mirathi ikiisha, mnunuzi wa kawaida ni shemeji, ambaye inaelekea anaujua msitu huo mti kwa mti. Au mbaki nao, na muandikiane karatasi: nani anashughulika na afisa, nani anatafuta mkataji, mapato yanagawanywaje na lini. Ukurasa mmoja uliotiwa saini na wote watatu unatosha. Undugu wa mdomo huwa mzuri mpaka siku magogo yanapolipwa. Nitakuwa mkweli kwamba kuna hali ambayo kuuza ni sawa: kama uhusiano na upande wa marehemu umeharibika, au unapanga kurudi nyumbani na watoto, basi fungu dogo usiloweza kulisimamia litakuwa barua za kila mwaka tu. Hapo liuze, kwa utaratibu, na fungu la watoto liachie mahakama iamue.

Sasa hizo smreka 19. Usiende na msumeno, na usimwache shemeji aende peke yake hata kama anasema amekata tangu ujana. Kila mwaka watu hufa katika misitu ya binafsi ya Slovenia, wengi wao wenye msitu na ndugu zao, si wafanyakazi waliofunzwa. Mti uliouawa na lubadar ni hatari kuliko mzima: kichwa kinaweza kukatika wakati wa kuanguka, na gome lililolegea linateleza. Tafuteni mkandarasi aliyesajiliwa. Taasisi ya utafiti wa misitu ya nchi hiyo ina mfumo wa mtandaoni, MojGozdar, ambapo mwenye msitu analinganisha wakandarasi. Na afisa wenu anawajua walio karibu, ingawa hatakuchagulia.

Mtakapozungumza na mkandarasi kuna aina mbili za makubaliano. Ya kwanza, anawanunulia miti ikiwa imesimama, anakata kwa gharama yake na kuwapa kiasi mlichokubaliana. Ni rahisi, na kwa msitu wenye warithi wanaobishana si wazo baya, ila yeye atakadiria chini ili ajilinde. Ya pili, mnamlipa kukata na kuburuta, magogo yanapangwa kando ya barabara, yanapimwa, kisha mnauza wenyewe. Hii kwa kawaida huleta zaidi, lakini inahitaji mtu wa kusimamia, na kwa lubadar inahitaji mnunuzi aliye tayari kuyaondoa upesi, kwa sababu gogo lenye gome lililolala kando ya msitu ni kama hujakata. Kwa miti 19, na siku mlizobakiwa nazo, ningechukua ya kwanza kama bei ni ya haki. Vyovyote iwavyo, dai karatasi ya vipimo: kila gogo, urefu, unene, daraja. Afisa aliandika orodha ya miti aliyoitia alama. Zilinganishe hizo mbili. Kule kwetu dalali hupima kwa macho na mkulima hukubali kwa uchovu. Huku hakuna sababu ya kukubali.

Wiki hii, basi, piga simu namba iliyo kwenye barua na uombe mkutane msituni, wewe na shemeji, na wifi akitaka. Beba barua yenyewe, namba za kiwanja, na cheti cha kifo. Kama Kislovenia chako hakitoshi kwa mambo ya sheria, nenda na mtu anayekijua vizuri ambaye si mrithi. Muulize mambo matatu: kama tarehe inaweza kusogezwa siku chache mkimpata mkandarasi, nini kitaota penye mapengo bila kupandwa, na kama kuna msaada wa serikali wa miche endapo hapataota kitu. Mwambie akuonyeshe vumbi la kahawia ambalo mdudu huacha chini ya shina na matundu kwenye gome, ili mara nyingine uzitambue dalili hizo mwenyewe kabla ya barua. Kisha mwone wakili kuhusu uraia na mafungu ya watoto. Hilo sitalimaliza mimi kwa kuandika, kwa kuwa linategemea nyaraka za mirathi ambazo sijaziona.